Sindano Hazilali Nje

Nilikuwa nimebakiza upande mmoja wa ukingo. Tepe ya buluu niliyoikata kwenye pazia kuukuu ilikuwa imekwisha kuzunguka pande tatu za mfarishi, na sasa nilikuwa naigeuza kwenye kona: naikunja kwa ukucha, naichoma, navuta uzi, nachoma tena. Kona ndiyo inayomtaja mshonaji. Ukiiendea mbio inavimba kama shavu la mwenye jino bovu, na hata uipige pasi mara ngapi haitulii. Kwa hiyo sikuwa nasema neno. Mama mkwe wangu, aliyekaa ng'ambo ya meza, naye alikuwa kimya. Hita ilikuwa chini, katikati ya miguu yetu. Ulikuwa unawaka waya mmoja tu, nasi tulikuwa tumeshazoea kugawana joto lake, yeye mguu wa kushoto na mimi wa kulia.

Miezi ya baridi ndiyo miezi yetu ya viraka. Wakati wa joto huwezi kukaa na mzigo wa pamba mapajani. Basi mwaka mzima tunatupia tu kwenye gunia lililo nyuma ya mlango: shati lililochanika kwapani, shuka lililotoboka katikati, gauni lililomwacha mwenyewe. Kipupwe kikiingia tunalimwaga gunia sakafuni, tunachagua, tunapima kwa kipande cha boksi, tunakata. Mfarishi wa safari hii ulikuwa wa mtoto wa wifi yangu. Alizaliwa baridi ilipoanza, mdogo kama mkate, na mama yake alikuwa amemngojea kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kusema. Ndani yake tuliweka sketi aliyovaa wifi shuleni, suruali ya kazi ya baba mkwe, na bitana ya gauni langu la harusi. Katikati mama mkwe alishona nyota nyekundu, kwa kitambaa cha gauni lake la ujanani ambalo miaka yote hiyo hakukubali likatwe.

Mfarishi ni tabaka tatu. Juu viraka, kati pamba, chini shuka laini, kisha sindano inazipita zote tatu na kuzifunga pamoja. Uzi ukikaribia kuisha, hukati juu juu. Unapiga fundo, unaizamisha sindano kwenye pamba, unaipeleka mbali kidogo huko huko ndani, unaitokeza, ndipo unakata. Ncha inabaki imelala ndani na ukucha wa mtoto hauioni. Mama mkwe anaita kuulaza uzi. Ni kazi ya vidole zaidi kuliko macho, kwa sababu kwa muda mfupi sindano yote inakuwa imezama na huna unachokiona.

Ndiyo maana nyumba yetu ina sheria ya sindano. Ziko tano, na kila moja ina jina. Yupo Mkuki, wa kufungia pamba. Yupo Mpole, ninayepewa mimi. Bibi Harusi alinunuliwa juzi juzi na bado anang'aa. Mchoyo anakata uzi. Na yupo Kipofu, mwembamba kuliko wote, mwenye tundu dogo hata kumtia uzi ni kama kumbembeleza mtoto ameze dawa, lakini akipita kwenye kitambaa haachi alama. Kabla ya kula, kabla ya kumfungulia mgeni, kabla ya lolote, sindano zinarudi kwenye kimto chake. "Sindano hazilali nje," mama mkwe aliniambia wiki niliyoolewa, kabla hata hajanionyesha chumvi inakaa wapi. Wala hazishikwi na mtu mwingine. Baba mkwe ni seremala, na kila mtu anamwita Fundi, mkewe pia. Yeye ana patasi na randa zake huko kibarazani, na mpaka kati yao unajulikana: mama hagusi patasi, Fundi hagusi sindano.

Jioni ilipokaribia mama mkwe aliweka kazi chini akasema tupumzike tunywe chai, huo upande mmoja hautatukimbia. Akavuta kimto. Akachomeka Mkuki, akachomeka Bibi Harusi na Mchoyo. Nikampa Mpole. Mkono wake ukabaki hewani.

"Kipofu yuko kwako?"

Nikamwambia sijamshika tangu asubuhi.

Tulianza na meza, kwa utaratibu. Tukaondoa mkasi, vibao vya uzi, vikombe, tukafuta kwa kiganja kilicholowa, maana sindano hunata kwenye maji. Tukaja sakafuni. Nikapiga magoti na tochi, nikaimulika sakafu kwa ubavu ili chochote kilicholala kitupe kivuli, na nilichopata ni vifungo viwili na punje za mchele. Tukakung'uta mito ya viti. Mama mkwe akasimama, akapapasa gauni lake toka begani hadi kwenye pindo, akavua sweta akaligeuza ndani nje, baridi yote ile, kisha akalivaa tena polepole.

Nilimuuliza alimtumia wapi mara ya mwisho. Alikumbuka vizuri mwanzo wake. Asubuhi alikuwa anamalizia nyota kwa uzi mwekundu. Alikuwa amefika pale pa kuulaza uzi na kuukata. Akasikia sufuria inafoka jikoni, akainuka. Aliporudi alimshika Bibi Harusi akaanza kufunga pembeni.

"Nilimchomeka kwenye kimto," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Nafikiri nilimchomeka." Akautazama ule mfarishi, pale penye nyota, na wala hakumaliza kusema alichokuwa anafikiri. Hakukuwa na haja. Kipofu aliachwa amezama kwenye pamba, na sisi tumeshinda mchana kutwa tunamfungia humo.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa zito kuliko sindano. Tangu mwaka huu uanze, mama mkwe alikuwa na visa vyake. Alisahau birika motoni likaungua mpaka likapinda. Funguo za nyumba zilipotea, zikaja kuonekana kwenye debe la unga. Mimi aliniita kwa jina la wifi yangu mara kadhaa, nami niliitika, sikuona ubaya, kwani mtu akiwa na binti wawili nyumbani ulimi huteleza. Lakini wifi aliona. Alikuwa na orodha yake kichwani, na kila akija anaongeza. Mwezi uliopita alimwambia mama yake, kwa upole wa kumwogopesha mtu, kwamba labda wakati wa kupumzika umefika. Kwamba mkasi, na hita, na sindano, si vitu vya kuchezewa. Mama mkwe alijibu kwamba hachezi, anashona. Yakaishia hapo, lakini hayakuisha. Usiku ule nilimsikia anahesabu sindano zake kwa sauti, kwa majina, kama mtu anayeita watoto waingie ndani.

Sasa aliketi, akaweka mikono yake juu ya mfarishi, akaigusa sehemu sehemu kwa vidole, bila kubonyeza.

"Mwanangu," akasema, "kama yumo humu, mimi sishiki sindano tena. Hizi nyingine nitakupa wewe. Nguo ichakae, lakini mtoto wa watu asichomwe na bibi yake."

Nikamwambia, Mama, tusimzike mtu ambaye hatujamwona maiti. Hakucheka.

Mlango ukagongwa. Alikuwa wifi. Tulikuwa tumemtarajia kesho, lakini alisema nyumbani kwake madirisha yanavuja baridi na mtoto amekohoa, akaona bora aje achukue mfarishi leo leo, uwe umeisha usiwe umeisha. Alikuwa amembeba mtoto kifuani, amefungwa shali mpaka inaonekana pua tu. Akamfungua, akamnyooshea mama yake kama ilivyo kawaida. Mama mkwe humpokea mjukuu huyo hata mikono ikiwa na sabuni, humwita mke mwenzangu, humwuliza leo amekuja kumnyang'anya mume au vipi.

Safari hii alirudi nyuma hatua moja. "Usinipe," akasema. "Sindano imepotea. Sijui kama ninayo mwilini, sijui kama iko kwenye mfarishi. Mlaze kitandani, mbali nasi."

Alimweleza binti yake yote, bila kujitetea, mpaka ile sufuria iliyofoka. Nilimtazama wifi nikijua atafungua orodha yake. Hakuifungua. Alikwenda kumlaza mtoto, akamzungushia mito, akarudi akasimama mlangoni, na alichosema kilikuwa kibaya zaidi.

"Basi, Mama. Usijisumbue. Nitanunua blanketi dukani."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Akaanza kuukunja mfarishi, na hapo nilimshika mkono. Kwa kawaida mimi si mtu wa kumshika mkono mama mkwe. Nikasema, naomba kwanza tutafute kama watu wenye akili. Fundi ana sumaku, aliing'oa kwenye spika ya redio mbovu, huokotea misumari iliyomwagika. Nikaenda kibarazani, nikapita kando ya kitanda kidogo alichokuwa anakiranda kwa ajili ya huyo huyo mjukuu, nikaichukua kwenye sanduku lake la vifaa. Mwenyewe hakuwepo. Tangu mchana alikuwa kwa kinyozi, wanapochezea drafti karibu na jiko.

Nikatandaza mfarishi mezani. Nikaanza kona ya juu, napitisha sumaku taratibu, mstari kwa mstari kama mtu anayepiga pasi. Mstari wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu. Niliposogea karibu na nyota, kitambaa kikainuka chenyewe kutoka chini, kikagota kwenye sumaku. Tk. Sauti ndogo, lakini sote watatu tuliisikia.

Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni, tukasikia anafungua bomba na kuacha maji yatiririke.

Nikachukua kiwembe. Nilikuwa nimeshaamua, na nisingependa mtu aniulize niliamua saa ngapi: kama ni Kipofu, nitamfumbata kiganjani, halafu nitamwokota chini ya kabati. Nilikata mshono wa kwanza, wa pili. Wifi alisogea, akainama karibu yangu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Ukiipata, wifi," akanong'ona, "usimwambie. Tutasema ilikuwa sakafuni."

Nikamgeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mdomo ameukaza kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Miezi yote ile nilidhani anamhesabia mama yake makosa. Kumbe alikuwa anaogopa, na mtu mwoga huhesabu.

Nikaingiza vidole viwili kwenye pamba. Nilichogusa hakikuwa kirefu. Kilikuwa cha duara, kimeshikamana na kitambaa chenyewe, upande wa ndani. Nikageuza kiraka. Kilikuwa kile kifungo kidogo cha chuma kinachopigiliwa kwenye pembe ya mfuko ili usichanike. Kiraka kilitoka kwenye suruali ya kazi ya Fundi, na aliyekikata nilikuwa mimi. Nilikumbuka hata siku yenyewe. Kitambaa kilipungua kidogo tu, nikaona nikivuta mpaka kwenye pembe ya mfuko kitatosha, na ile pembe nikaikunjia ndani ya mshono. Kifungo kikaenda nayo. Chuma chenye kutu, karibu na shavu la mtoto, na nilikiweka mimi mwenye macho mazima na kichwa kizima.

Nilisikia uso unapata moto kuliko hita. Nikamwita mama mkwe. Alikuja akifuta mikono, ananitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, nami nikakiweka kifungo mezani mbele yake, nikamwambia kimetoka wapi na nani alikikata.

Alikichukua, akakigeuza geuza. Nilingoja. Wapo wakwe ambao kifungo kile wangenisimanga nacho mwaka mzima.

"Hii suruali ilikuwa ngumu kukata," akasema. "Hata mimi ilinitoa jasho." Akakiweka kwenye kopo la vifungo, akafunika. Lakini uso haukufunguka. Kifungo si Kipofu.

Wifi akasema kwa sababu sumaku haikukamata kingine, huenda sindano haimo. Mama mkwe akakataa. Sindano nyembamba, pamba nene, na sumaku yenyewe ya redio iliyokufa; yeye hawezi kumfunika mtoto kwa huenda. Akavuta kiti, akachukua kiwembe kingine, akaanza kufumua ule ukingo wangu. Zile kona nilizozikunja kwa ukucha ziliachia moja baada ya nyingine. Nilikaa upande wa pili nikafumua pia. Wifi alisimama kidogo, kisha akavuta kigoda akaanza na nyuzi za katikati, huku analalamika kwamba aliacha kushona darasa la sita na hakuna aliyemwambia kushona kungemfuata ukubwani. Mama yake akamwambia anashika kiwembe kama anamenya kiazi. Wifi akajibu kwamba kiazi angalau huliwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie kusikia sauti yake ya kawaida.

Tulilivua shuka la chini. Tukaitandua pamba, tukaichambua kwa vidole, tonge kwa tonge. Mezani palijaa, tukahamia sakafuni. Kipofu hakuonekana. Kila tonge lililotoka tupu lilinipa nafuu, na mama mkwe lilimzidishia hofu, kwa sababu kama hayumo humu, na hayupo mezani, na hayupo sakafuni, basi amemweka mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui. Alisema hivyo, bila kuinua kichwa. Alisema haogopi kusahau sindano iko wapi. Anaogopa siku atakaposahau kwamba kuna sindano.

Tuliendelea kuchambua.

Ndipo Fundi akarudi. Alifungua mlango na baridi yake, amevaa koti lake zito ambalo halivui mpaka msimu uishe, akasimama kutazama sakafu iliyojaa pamba na wanawake watatu wamepiga magoti.

"Mmechinja kondoo mbona hamkuniita?"

Mkewe akamwambia afunge mlango. Wifi akamweleza kwamba sindano ya mama imepotea, inasadikiwa iko kwenye mfarishi wa mtoto. Fundi akavua kofia. Akauliza mjukuu yuko wapi, akaonyeshwa, akaenda kumchungulia, akarudi amekunja uso wa mtu wa kazi. Aliniona nimeweka sumaku kando.

"Nani alikuwa anaitumia?"

Nikasema mimi. Akataka kujua niliipitishaje. Nikamwonyesha, mbele na nyuma. Akatikisa kichwa kwa huruma. Sumaku, akasema, haisuguliwi kama pasi. Sumaku inashushwa, inangojewa, inainuliwa. Misumari na sindano ni ndugu, na chuma chochote kina aibu, ukikipitia mbio hakitoki. Aliinyanyua kutoka sakafuni, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake kama mhubiri na kitabu, akavuta pumzi ili aendelee na somo.

Ukosi wa koti lake ukaruka, ukaibusu sumaku.

Fundi akatazama chini. Akaivuta sumaku mbali, ukosi ukaifuata. Akaivuta tena. Kutoka chini ya ukosi kikaning'inia kipande cha uzi mwekundu.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka, kwa kushika meza. Akamwendea mumewe, akaupindua ukosi, na pale ndani, amechomekwa vizuri kabisa kwa mkono wa mtu anayejua kupanga vifaa vyake, alikuwa Kipofu.

"Fundi," akasema mama mkwe.

Fundi alijitazama ukosi. Kisha ikatoka yote, taratibu. Asubuhi alipokuwa anaranda ubao wa kitanda cha mtoto, kibanzi kilimwingia kwenye kidole gumba. Alikuja ndani kutafuta cha kukitolea, akakuta mwenye sindano yuko jikoni anapigana na sufuria. Kimto kiko mezani. Akamchukua aliye mwembamba kuliko wote, akarudi kibarazani, akatoa kibanzi. Alitaka amrudishe kabla hajajulikana, kwa sababu anaijua sheria. Akamchomeka chini ya ukosi ili asipotee, maana fundi hatupi kifaa cha mtu. Halafu kinyozi akampigia simu kwamba drafti imepangwa.

"Nilimtunza vizuri," akamalizia, kwa sauti ndogo.

"Alikuwa kwenye kimto?" mama mkwe akauliza. "Ulimtoa kwenye kimto?"

"Kwenye kimto. Kwani huwa anakaa wapi?"

Mama mkwe akamchomoa Kipofu, akamtazama, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kimejaa pamba. Mabega yakaanza kumtikisika. Wifi alimkimbilia akidhani analia, nami nilidhani hivyo. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pamba, nayo ikamnata kidevuni kama ndevu, na hapo wifi naye akashindwa, akakaa sakafuni akaegemea goti la mama yake.

"Nilimchomeka," mama mkwe akasema. "Nilimchomeka, na nilisema."

"Ulisema, Mama," nikamwambia. "Ulisema mara ya kwanza."

Fundi alipoona hali imekuwa njema alianza kujirudishia heshima. Akasema kama si yeye na sumaku yake tungekuwa bado tunatafuta. Mkewe akamwambia kama si yeye tungekuwa tumeshakunywa chai. Wifi, akiwa bado pale gotini, akamwuliza baba yake, na lile birika lililoungua, nalo alilichomeka chini ya ukosi? Fundi akaapa kwamba birika hahusiki nalo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Birika ni langu," mama mkwe akasema. "Na funguo za kwenye unga ni mimi. Sitamsingizia mtu." Akamshika wifi kichwa. "Mambo mengine ninasahau, mwanangu. Nitakwambia mwenyewe nikisahau. Lakini niulize kwanza, kabla hujanihesabia."

Wifi alienda chumbani akamchukua mtoto, ambaye alikuwa ameamka anachezea hewa, akaja naye. Mama mkwe akamchomeka Kipofu kwenye kimto, akakisukuma kimto mpaka mwisho wa meza, akajipapasa gauni mara moja tena, kwa desturi tu, kisha akafungua mikono.

"Haya, mke mwenzangu," akamwambia. "Mumeo huyu hapa. Mwizi. Mchukue, mimi nimechoka naye."

Chai ilinywewa ikiwa imechelewa. Kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na baridi imezidi, ilikubaliwa wifi na mtoto walale hapo. Swali likawa mtoto afunikwe nini, maana mfarishi wake ulikuwa umegawanyika vipande vitatu, viraka kwenye meza, shuka kwenye kiti, pamba kila mahali. Fundi akavua koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila hilo koti tangu msimu uanze, na alionekana mdogo, kama kuku aliyelowa. Akalinyoosha. Mama mkwe alilipokea, akalitandaza, akachukua sumaku akaishusha, akangoja, akainua. Akashusha tena, akangoja. Alilimaliza koti zima, mifuko na mikono, na Fundi alisimama pale akitazama somo lake linavyofanyiwa kazi. Lilitoa msumari mmoja mdogo na kichwa cha skrubu. Ndipo likakubaliwa.

Nilirudi mezani. Nilitamani nianze angalau kuipanga pamba. Kiraka changu cha suruali kilikuwa pale juu na tundu lake, na nilikuwa nimeshaona kipande cha shati la kijivu kingekaa vizuri mahali pake. Nyota ilikuwa nzima. Wifi alikuja akaketi kando yangu, akavuta kimto, akauliza katika hawa yupi ni yupi. Nikamtajia. Akamchukua Kipofu na uzi wake mwekundu, uliokuwa umechomoka, akajaribu kumtia uzi upya. Alilenga, akakosa, akaulowesha mdomoni, akalenga tena, akanung'unika kwamba huyu hana tundu, ana tetesi ya tundu.

Mama mkwe alisimama nyuma yetu na mtoto begani. Alimwacha binti yake ajaribu mpaka uzi ulipopita, akamsifu kidogo tu, asije akavimba kichwa. Kisha akanyoosha mkono wake ulio huru, akampokea Kipofu, akamchomeka kwenye kimto pamoja na wenzake, akawagusa vichwa kwa kidole: Mkuki, Mpole, Bibi Harusi, Mchoyo, Kipofu. Akachukua shuka safi akaifunika meza yote, viraka, pamba na mkasi.

Nikasema huo ukingo nilikuwa nimebakiza upande mmoja tu.

"Sasa umebakiza nne," akasema. "Kesho. Na wewe," akamwambia wifi, "kesho utashika Mpole. Wifi yako atashika Bibi Harusi."

Akazima hita, akaenda na mjukuu wake kulala.